Mrututu wa kahawa, maji ya Moshi na kipimo kisicho na mwenyewe

MBUNI ukishang'olewa katika kihamba, kisiki huoza, mizizi huliwa na mchwa, na baada ya misimu michache nyanya, maharage au mahindi huota mahali palepale kana kwamba hapakuwahi kuwa na kahawa. Kitu kimoja, hata hivyo, hakiondoki na mbuni. Kitu hicho ni shaba.

Shaba hiyo ilifika pale kwa bomba la kupulizia dawa. Kwa miongo kadhaa wakulima wa Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu na Rombo walipulizia mibuni yao mrututu na dawa nyingine za jamii ya shaba ili kuikinga na kutu ya majani na chulebuni. Mvua iliosha majani, matone yakaanguka chini, na shaba ikabaki. Tofauti na viuatilifu vingi, shaba haiozi wala haivunjikivunjiki. Ikishaingia ardhini, haina pa kwenda isipokuwa kubebwa na mmomonyoko au kushuka polepole sana pamoja na maji.

Swali la kiasi gani kipo, na katika shamba la nani, mkulima wa kawaida hawezi kulijibu. Sampuli ya udongo lazima ichimbwe, ikaushwe, isafirishwe hadi maabara, iyeyushwe kwa asidi na kusomwa kwa mashine ghali. Gharama hiyo kwa shamba moja yaweza kuzidi faida ya msimu mzima ya mwenye shamba lenyewe.

Ndiyo maana habari za vihisi vya kubeba mkononi, vinavyoweza kupima metali papo hapo shambani au kando ya kisima, zimekuwa zikipokewa kwa matumaini makubwa. Matumaini hayo si ya bure. Lakini historia ya Kaskazini mwa Tanzania yenyewe inatoa onyo: kipimo peke yake hakijawahi kusafisha maji wala kuponya udongo. Kinachohitajika zaidi ni mtu mwenye wajibu wa kukitendea kazi kipimo hicho.

Miaka mia moja ya kahawa

Kahawa iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kupitia wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema. Wachaga waliipanda chini ya migomba, katika vihamba ambavyo tayari vilikuwa vimepata maji ya mifongo kwa vizazi vingi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, KNCU. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu.

Aina za kahawa zilizosambazwa kutoka Lyamungu zilisifika kwa ladha, lakini zilikuwa dhaifu mbele ya magonjwa. Kutu ya majani ilikuwapo tangu zamani, na katika miaka ya 1960 chulebuni ikaongezeka. Kuanzia hapo kupulizia dawa kulikuwa sharti la kuvuna. Vyama vya ushirika vilileta dawa kwa mkopo, na mkulima akakatwa gharama kwenye malipo ya kahawa yake.

Baada ya soko la kahawa kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, mfumo wa mikopo ya pembejeo uliyumba na wengi wakapunguza kupulizia kwa sababu ya bei. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi Lyamungu mwaka 2001, ilitoa aina mpya za mibuni zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Penye mibuni hiyo, haja ya shaba imepungua sana.

Kwa maneno mengine, chanzo kikuu cha shaba kinaelekea kuzibwa. Kilichobaki ni deni la zamani lililolala ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, walichapisha katikati ya miaka ya 2010 matokeo yaliyoonyesha kuwa shaba imerundikana katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, zaidi katika tabaka la juu la udongo.

Hesabu ya kilo na miligramu

Ukubwa wa jambo hili unaeleweka vizuri kwa hesabu rahisi. Hekta moja ya udongo hadi kina cha sentimita 20 ina uzito wa takriban kilo milioni 2, hasa kwa udongo mwepesi wa asili ya volkano. Hivyo kila kilo 2 za shaba zinazobaki katika hekta hiyo huongeza miligramu 1 ya shaba kwa kila kilo ya udongo.

Dawa yenye asilimia 50 ya shaba huacha nusu kilo ya metali hiyo kwa kila kilo moja inayopuliziwa. Shamba ambalo, kwa mfano, lilipokea kilo 8 za shaba kwa hekta kila mwaka kwa miaka 40, litakuwa limeongezewa takriban miligramu 160 kwa kilo, juu ya shaba ya asili iliyokuwamo tayari.

Wazalishaji wa mvinyo wa Ulaya walikwishapita njia hiyo. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulianza kutumiwa katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880, na baada ya zaidi ya karne moja udongo wa mashamba mengi ya huko umejaa shaba. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Madhara ya shaba hayaanzi kwa binadamu. Wa kwanza kuumia ni minyoo ya ardhini na vijidudu vinavyoozesha majani na samadi, ambavyo ndivyo msingi wa rutuba ya kihamba. Baadaye mizizi ya mazao machanga hudumaa. Mkulima huona mimea yenye afya mbaya, huongeza mbolea, na pengine huzidisha tatizo bila kujua.

Huzidisha kwa sababu shaba iliyomo ardhini haina nguvu ileile wakati wote. Udongo wenye mboji nyingi na usio na uchachu mkubwa huishika kwa nguvu, na mimea huipata kidogo. Udongo ukiwa mchachu, shaba hulegea na kuanza kutembea. Matumizi ya miaka mingi ya mbolea za chumvichumvi za jamii ya amonia huongeza uchachu huo. Mashamba mawili yenye shaba sawa yaweza basi kuwa na hatari tofauti kabisa. Hapo ndipo suala la aina ya kipimo linapoanza kuwa zito.

Kutoka kihamba hadi kisima

Mji wa Moshi hunywa maji ya mlima. Tafiti za asili ya maji ya chemchemi zimeonyesha kuwa sehemu kubwa yake ni mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu, kisha kuzama na kusafiri chini ya ardhi. Kabla ya kuibuka katika chemchemi za miteremko ya chini na tambarare ya Kahe, maji hayo hupita chini ya ukanda uleule wa vihamba na makazi.

Haki inataka isemwe wazi kwamba shaba ya kahawa si mtuhumiwa wa kwanza katika maji hayo. Kwa kuwa hushikwa na udongo wa juu, ni nadra kufika kwenye maji ya kina kirefu kwa wingi wa kutisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kiwango cha miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa, ambacho ni kikubwa kuliko cha metali nyingine nyingi. Njia yake ya haraka ni tope: mvua za masika hubeba udongo wa juu kuingia mifongo na mito, kuelekea mashamba ya mpunga na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu.

Metali nyingine hazina subira hiyo. Kwa risasi na aseniki kiwango cha WHO ni miligramu 0.01 tu kwa lita, na kwa kromiamu ni 0.05. Vyanzo vyake katika mji unaokua ni vya kawaida: gereji, betri chakavu, karakana za kuchomelea, majalala na usindikaji wa ngozi, ambao duniani kote hutegemea zaidi chumvi za kromiamu. Moshi ina azma ya kuwa kitovu cha bidhaa za ngozi, na kiwanda cha Karanga kilizinduliwa Oktoba 2020. Azma hiyo ni njema, lakini mji wenye azma hiyo unapaswa kujua maji yake yalivyokuwa kabla, ili baadaye uweze kuthibitisha kwamba hayakuharibika.

Mabogini, kusini mwa mji, ni mfano mwingine. Hapo yapo mabwawa ya kutibu majitaka ya manispaa, na maji yanayotoka humo hutumiwa na wakulima wa mpunga. Kutumia tena maji ni hekima katika tambarare kavu. Lakini mabwawa ya aina hiyo yamejengwa kuua vimelea na kupunguza uchafu unaooza. Hayakukusudiwa kuondoa metali.

Vihisi vya aina tatu

Vifaa vinavyoweza kutumika nje ya maabara vimegawanyika katika makundi makubwa matatu, na kila kimoja kina uwezo na udhaifu wake.

Cha kwanza ni bunduki ya eksirei, ambayo tayari hutumiwa sana na wachimbaji madini. Huelekezwa kwenye udongo, na katika muda wa dakika moja au mbili huonyesha kiasi cha shaba, risasi, zinki na metali nyingine. Kwa kuchora ramani ya shaba ya vihamba, hakuna kifaa chepesi kuliko hicho. Lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, unyevu wa udongo huvuruga usomaji, na hakifai kwa viwango vidogo vilivyomo katika maji. Zaidi ya hayo, husoma shaba yote kwa jumla bila kutenganisha iliyofungwa na ile inayoweza kuingia katika mmea.

Cha pili ni kihisi cha umeme. Tone la maji huwekwa juu ya elektrodi ndogo, umeme hupitishwa ili metali igande juu yake, kisha hubanduliwa kwa umeme wa mwelekeo wa kinyume. Kila metali hubanduka kwa volti yake, na ukubwa wa mkondo huonyesha wingi wake. Njia hii hufikia sehemu moja ya milioni ya gramu kwa lita. Zamani ilihitaji zebaki, ambayo nayo ni sumu, lakini tangu mwaka 2000 watafiti wameonyesha kuwa bismuthi inaweza kuchukua nafasi hiyo, na elektrodi sasa huchapishwa kwa wino juu ya kipande cha plastiki na kutupwa baada ya matumizi.

Udhaifu wake ni kwamba maji halisi si maji ya maabara. Mboji, matope na mafuta hufunika uso wa elektrodi na kuifanya isome pungufu. Kihisi kikiachwa kisimani kwa miezi bila kusafishwa na kusawazishwa, kitaendelea kutuma namba, lakini namba hizo zitakuwa uongo unaoonekana kama ukweli.

Cha tatu ni karatasi na vitendanishi vinavyobadilika rangi. Ni rahisi, havihitaji umeme, na mtu wa kamati ya maji kijijini aweza kufundishwa kuvitumia kwa siku moja. Havitoi namba sahihi, ila hutosha kutofautisha maji salama na yanayohitaji kupelekwa maabara.

Kwa udongo wa Kilimanjaro kuna mtego wa ziada. Miamba ya volkano yenyewe ina shaba na metali nyingine za asili. Kihisi hakijui kutenganisha shaba ya mwamba na shaba ya bomba la dawa. Bila kupima pia ardhi ya jirani ambayo haijawahi kupandwa kahawa, kila namba itabaki bila mahali pa kulinganishiwa, na mkulima aweza kutishwa kwa jambo ambalo ni la asili.

Somo la floridi

Kaskazini mwa Tanzania haina haja ya kwenda mbali kujifunza tofauti ya kupima na kutenda. Floridi si metali, lakini hadithi yake ni kioo. Kifaa cha kuipima moja kwa moja katika maji, kwa kutumia fuwele ya lantanamu floridi, kilivumbuliwa mwaka 1966. Ni cha kubebeka, ni sahihi na si ghali sana. Kwa metali nzito, vihisi vyepesi na vya kuaminika kama hicho ni adimu.

Kwa miongo mingi imejulikana kuwa maji ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara yana floridi kupita kiasi. Kituo cha Ngurdoto kilifanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Pamoja na hayo, watoto wameendelea kukua na meno ya kahawia, na wengine na mifupa iliyopinda. Kwa muda mrefu kiwango cha kitaifa kilibaki miligramu 4 kwa lita, ilhali cha WHO ni 1.5, kwa kuwa kukaza kiwango kungemaanisha kufunga vyanzo ambavyo havikuwa na mbadala. Kiwango kilikuja kushushwa hadi 1.5 baadaye sana.

Hivyo jibu la swali "kuna kiasi gani?" lilikuwapo. Lililokosekana ni jibu la swali "sasa tufanye nini, na nani alipe?"

Mahali kipimo kilipofanya kazi

Upo mfano wa kinyume. Nchini Bangladesh, ilipobainika katika miaka ya 1990 kuwa visima vya bomba vina aseniki, karibu visima milioni 5 vilipimwa kati ya mwaka 1999 na 2006 kwa vifaa rahisi vya kubadilisha rangi. Vipimo vile havikuwa sahihi kama vya maabara. Lakini kila bomba lilipakwa rangi, nyekundu kwa hatari na kijani kwa usalama. Mama aliyefika na ndoo hakuhitaji kusoma ripoti. Wengi walihamia kwenye bomba la kijani la jirani.

Kyuso, nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu za visima mapema katika miaka ya 2010. Havikupima metali. Vilihesabu tu mwendo wa mkono wa pampu na kutuma taarifa kwa ujumbe wa simu. Muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3, kwa sababu upande wa pili wa ujumbe alikuwapo fundi anayelipwa.

Owino Uhuru, Mombasa, hapakuwa na kihisi wala fundi. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kando ya makazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza kuhoji baada ya mwanawe mchanga kuugua na kukutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Pale ambapo hakuna chombo cha kupima udongo, damu ya mtoto ndiyo hugeuka kuwa chombo hicho.

Nani atapokea namba?

Sheria ya Tanzania haina pengo kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2007 ziliweka viwango vya ubora wa maji na hata vya udongo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, husimamia rasilimali za maji. Mamlaka ya maji ya mji, MUWSA, husambaza maji. Vijijini yupo RUWASA tangu mwaka 2019. Viuatilifu viko chini ya TPHPA, udongo wa kahawa chini ya watafiti wa TaCRI na SUA, na ubunifu wa vifaa una nyumba karibu, katika Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha.

Wenye sehemu ya kazi ni wengi, na hapo ndipo ilipo hatari. Shaba ikitoka kwenye kihamba na kuingia kwenye mfongo, huwa imevuka mipaka ya taasisi tatu kabla ya kufika mtoni. Kihisi kitakachonunuliwa na mradi wa miaka mitatu, bila taasisi moja kukubali kuwa mwenyewe, kitaishia kabatini betri yake ikiisha.

Kuna njia isiyo ya gharama kubwa. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Kilimo imekuwa ikigawa kwa halmashauri vifaa vya kupima afya ya udongo. Vifaa hivyo vinalenga rutuba na uchachu, si metali. Lakini uchachu ndio ufunguo wa shaba. Ofisa ugani anayefika shambani kupima uchachu aweza kuuliza pia historia ya kahawa na miaka ya kupulizia, na kuchagua mashamba machache yanayostahili kusomwa kwa bunduki moja ya eksirei inayohudumia mkoa mzima. Sehemu ya sampuli hizo ipelekwe maabara kila msimu, ili kifaa cha shambani kisibaki kujiamini peke yake.

Kwa maji, karatasi za rangi zitangulie katika visima vilivyo jirani na gereji, majalala na viwanda, na vihisi vya umeme vifuate pale tu penye dalili. Matokeo yabandikwe kwenye bomba, kwa lugha na rangi anayoielewa mchota maji.

Kwa mkulima, kipimo kije na ushauri. Udongo mchachu wenye shaba nyingi huhitaji chokaa ya kilimo, samadi na mboji, na mibuni yenye ukinzani ili bomba la mrututu lipumzike. Mambo hayo yote yanajulikana na yanapatikana. Asipopewa ushauri huo, mkulima atakuwa ameambiwa tu kwamba ardhi ya baba yake imeharibika, na yaelekea hataruhusu tena mtu kuchimba sampuli.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Vihamba vya Kilimanjaro havijafikia hapo, na chemchemi za Moshi bado ni fahari ya mji. Huo ndio wakati mzuri wa kupima, kabla hofu haijaingia na kabla wa kulaumiwa hajatafutwa. Kabla ya kuuliza kihisi kipi kinunuliwe, hata hivyo, mkoa unapaswa kuamua ni meza ya nani ambako namba ya kwanza itatua, na mwenye meza hiyo atapaswa kufanya nini kesho yake asubuhi.